Ngome zetu na watoto wasiosemeshwa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nitoe malalamiko ambayo yamenikaa rohoni tangu likizo iliyopita. Ngome kongwe za pwani yetu hazijui la kufanya na mtoto mdogo. Mzazi analipa kiingilio, mtoto naye analipiwa chake, wanapita langoni, na kuanzia hapo yule mtoto ni mzigo wa mama yake. Hakuna anayemsemesha ila kwa kumkataza: usiguse, usipande, usikimbie, njoo huku.

Ngome niliyowapeleka wanangu, mmoja wa miaka saba na mwingine wa mitano, sitaitaja. Nimetembelea zaidi ya moja, Kenya na Tanzania, na mengi ya haya niliyakuta kwingine pia. Ninachotaka kibadilike ni kikubwa kuliko lango moja.

Siku hiyo kundi letu lilikuwa na wageni wachache kutoka Ulaya na familia mbili za hapa hapa pwani. Mwongozaji alikuwa kijana mwenye adabu na anayeijua kazi yake, lakini alieleza kila kitu kwa Kiingereza, kuanzia langoni hadi juu ya buruji. Mwanangu mkubwa akamshika mkono akamwuliza, "Anko, hawa askari walikuwa wanakunywa maji wapi?" Akaambiwa mama atamweleza baadaye. Mhariri, sikusikia swali bora kuliko hilo siku nzima. Ngome ni kuta tu kama waliomo ndani hawana maji, na ndiyo maana Ngome ya Yesu, Mombasa, ina birika la kukusanyia maji ya mvua na kisima kirefu. Mtoto alifika mwenyewe kwenye kiini cha jambo, akarudishwa nyuma.

Kibaya zaidi kilitokea katika chumba cha chini. Palikuwa na mnyororo. Mwongozaji akauinua, akamzungushia mwanangu mdogo mikononi, akamwambia atabasamu ili baba yake apige picha. Niliuondoa mnyororo ule na picha haikupigwa. Yule kijana alishangaa, na ninaamini hakukusudia ubaya. Inaonekana ni jambo wanalolifanya kila siku na wageni hulifurahia. Lakini ngome hizi zilikuwa magereza. Waingereza waliifanya Ngome ya Yesu kuwa jela tangu 1895 hadi 1958, na ngome ya Lamu ilitumika kama jela hadi 1984. Wapo watu wazima leo ambao baba zao walilala ndani ya kuta hizo. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuambiwa kweli kwamba hapa watu walifungwa, wakalia, wakawakosa watoto wao. Ataelewa, na pengine atanyamaza njia nzima ya kurudi nyumbani. Kumvisha pingu ili acheke mbele ya kamera ni kumharibia ufahamu huo kabla haujaota.

Mama mkwe wangu, ambaye kwao ni Lamu, ndiye aliyeiokoa siku. Miguu ilikuwa imemchoka na hapakuwa na benchi, akakaa kwenye ngazi penye kivuli. Wajukuu wakamzunguka, naye akaanza kuwasimulia jinsi watu wa mtaani kwao walivyokuwa wakipita mbele ya ngome ya Lamu wakijua kwamba ndani kuna jirani yao aliyefungwa, na jinsi wazee walivyowakanya watoto wasicheze karibu na mlango wake. Watoto wa ile familia nyingine wakasogea, wakakaa chini. Hakuna aliyekimbia wala aliyepanda ukutani. Kumbe hawakuwa wakorofi. Walikuwa wanasubiri mtu awasemeshe kwa lugha yao.

Wakati huohuo lilipita kundi la wanafunzi, wadogo kabisa, na madaftari mikononi. Wananakili maandishi ya kwenye vibao, ya Kiingereza, yaliyotundikwa usawa wa macho ya mtu mzima. Wa mbele wanasoma kwa kuinua shingo, wa nyuma wananakili kutoka kwa wa mbele. Mwalimu wao anahimiza, basi linasubiri nje. Sikumwona hata mmoja akitazama ukuta. Simlaumu mwalimu yule, kwa maana naye hakupewa kitu kingine cha kuwafanyisha.

Na vya kuwafanyisha vimejaa tele! Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ilichorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati kwa umbo ambalo ukilitazama kutoka juu linafanana na mtu aliyelala chali. Mtoto anaweza kuitembea kutoka kichwani hadi miguuni, na hataisahau. Mawe yake ni ya matumbawe. Ukisogeza uso karibu unaona alama za viumbe vya baharini. Imo michoro ya meli na watu ambayo Wareno waliichora ukutani wenyewe. Mpe mtoto kipande cha mkaa na karatasi, mwambie achore jahazi analolijua, na karne nne zitakuwa zimekutana bila mtu kutaja mwaka.

Tena kuna kisa cha kuzingirwa. Waomani waliizunguka ngome ile kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Maradhi yakaingia, watu wakafa kwa wingi, ikafika mahali katika mwaka 1697 Wareno waliokuwemo wakaisha wote. Ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake, wanaume wachache na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Hao ndio walioshikilia kuta mpaka msaada ulipofika kwa njia ya bahari. Wanangu wamezaliwa pwani, na katika kutembea kwetu kote sijasikia mwongozaji akiwatajia watoto wanawake hao. Wanasikia majina ya wafalme wa Ureno na manahodha wao. Mtoto akisimuliwa kisa hicho atauliza mengi: walikula nini, walilala wapi, mbona Bwana Daud aliwasaidia Wareno na si Waomani wenzake katika dini? Maswali hayo ndiyo historia yenyewe, na mtoto wa miaka saba anayaweza.

Kuhusu usalama nitasema machache. Matundu ya mizinga hayana kizuizi, ngazi zimelika na zinateleza, kuna kingo ambazo mtoto akiteleza ni kifo. Mzazi anakamata kifundo cha mkono wa mtoto saa nzima, na mwisho wote wawili hawajaona kitu. Choo kilikuwa kimefungwa na mwenye ufunguo hakujulikana alipo. Maji ya kunywa hakuna.

Najua jibu litakalotolewa: haya ni majengo ya urithi, hayatobolewi wala hayaongezwi chochote ovyo. Kilwa Kisiwani iliingia katika orodha ya urithi wa dunia 1981, Mji Mkongwe wa Unguja 2000, Lamu 2001, Ngome ya Yesu 2011, na kila moja ina masharti yake. Ninayaheshimu masharti hayo. Lakini ndani ya Ngome Kongwe ya Unguja kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, na watu wazima huketi hapo usiku kusikiliza muziki. Kama nafasi ilipatikana kwa starehe ya wakubwa, uzio wa mbao unaosimama wenyewe, usiogusa ukuta, haushindikani. Kibao cha Kiswahili kilichowekwa chini, usawa wa kifua cha mtoto, hakihitaji hata msumari.

Ninaloliomba hasa ni mtu. Kila ngome iwe na msimulizi mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya watoto, Jumamosi na siku za likizo, asubuhi kabla jua halijawa kali. Si lazima awe na shahada. Katika miji hii ya kale wapo bibi na babu wanaoijua mitaa yao kuliko kitabu chochote, na wengi wangefurahi kulipwa posho ndogo kwa kazi ambayo nyumbani wanaifanya bure. Idara zinazosimamia majengo haya katika nchi zote mbili zinaweza kuanza na ngome moja moja, likizo ya Desemba hii, na zikatangaza siku na saa katika gazeti lako ili sisi wazazi tujue lini tuwalete.

Mzazi,
Tanga