Cecile Guidote hakusubiri ukumbi

Kila kikao cha wasanii wa jukwaani ninachohudhuria huishia kwenye kilio kilekile: hatuna ukumbi. Nami huwajibu wenzangu kwa kuwatajia mwanamke wa Ufilipino, mwigizaji na mwongozaji, Cecile Guidote-Alvarez.

Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 23 na ametoka masomoni Marekani, alianzisha PETA, jumuiya ya sanaa za maonyesho iliyokusudiwa kuelimisha umma. Serikali ya Ferdinand Marcos ilikuwa ikijenga kituo kikubwa cha utamaduni kando ya Ghuba ya Manila, mradi uliosimamiwa na mke wa rais, Imelda, na kufunguliwa mwaka 1969. Cecile alikwenda kwingine. Alichagua magofu ya Fort Santiago, ngome ya Wahispania iliyomo Intramuros, mji mkongwe wa Manila.

Mahali penyewe pana uchungu. Humo ndimo alimofungwa José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa la Ufilipino, kabla ya kupigwa risasi Desemba 1896. Humo ndimo wanajeshi wa Japani walimotesa na kuua wafungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Juu hapakuwa na paa. Waigizaji walikuwa na kuta za mawe yaliyobomoka na anga tupu. Jukwaa hilo likapewa jina la Rajah Sulayman, mtawala Mwislamu wa Manila aliyewakabili Wahispania walipokuja kuuteka mji. Mchezo wa kwanza, wa Virginia Moreno, uliandikwa kwa Kiingereza, lakini Cecile aliuweka jukwaani kwa Kitagalogi, lugha ya watu wa kawaida wa Manila, katika mji ambao wasomi wake walizoea kuona michezo kwa Kiingereza. Hilo kwangu ndilo tendo lake kubwa kuliko yote. Mchuuzi wa samaki alipewa mchezo anaoweza kuubishia akirudi nyumbani.

Agosti 1972 alitunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay, hajafikisha hata miaka 30. Wiki chache baadaye Marcos akatangaza sheria ya kijeshi. Mumewe, Heherson Alvarez, alikuwa mpinzani wa Marcos, na wote wawili wakaishia uhamishoni Marekani hadi dikteta alipoangushwa mwaka 1986. Huko New York Cecile aliendelea na kazi kwenye La MaMa, jumba la maigizo la Ellen Stewart.

Ndipo ninapowaomba wenzangu wanisikilize vizuri. Mwanzilishi ameondoka baada ya miaka mitano tu, nchi iko chini ya bunduki, na PETA haikufa. Lino Brocka, yule mwongozaji mashuhuri wa filamu, alishika usukani. Wengine wakaendesha warsha vijijini na kwa wafanyakazi, wakulima wakitunga michezo juu ya ardhi yao wenyewe. Leo PETA ina jengo lake Quezon City, na mwaka 2017 ikapata Tuzo ya Magsaysay kama taasisi.

Kuna doa, nami silifichi. Mwaka 2009 Rais Gloria Arroyo alimtangaza Cecile kuwa Msanii wa Taifa, ilhali alikuwa mkurugenzi mtendaji wa tume ya utamaduni inayoshiriki kuwateua wasanii hao. Wasanii wenzake walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikaifuta heshima hiyo. Naona majaji walitenda haki. Hata hivyo hukumu hiyo haikugusa alichokijenga kule magofuni.

Kikundi changu hufanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa shule ya msingi, wanafunzi wakishaondoka. Mfadhili akija kutuuliza tunataka nini, sitaomba matofali wala saruji. Nitaomba fedha za kuwafundisha uongozaji vijana watano, ili hata mimi nikihama kesho, mazoezi yaendelee.