Kosa si la kinanda

Mwandishi mmoja gazetini ameshikilia kuwa kinanda cha umeme hakiiwezi taarabu ya Lamu, eti hakijui sauti zilizo kati ya vibonyezo vyeupe na vyeusi. Aliwahi kuifungua programu ya muziki inayokiendesha kinanda hicho? Tangu 1983, MIDI, lugha ya mawasiliano ya vyombo vya muziki vya kielektroniki, hugawa mpindo wa sauti katika hatua 16,384. Weka upeo wa nusu toni mbili kila upande, kinandani na kwenye programu. Robo toni inayoishusha sauti ya tatu ya maqamu ya Rasti ni hatua 2,048 tu. Kweli, mpindo huo huvuta chaneli nzima. Basi ipe noti hiyo chaneli yake: zipo 16! Kidole cha mpiga udi Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, sikishindanishi na mashine. Lakini mwandishi amelinganisha udi uliokazwa nyuzi na kinanda kisichoguswa mipangilio.