Mbuzi aliye ndani ya simu

Siku ya soko pale Ikonge, Nyamira, hakuna anayenunua ng'ombe kwa kusimuliwa. Utamwona mzee akimfungua mnyama kinywa ahesabu meno, kisha amtembeze hatua kumi aone kama anachechemea. Ndipo bei itajwe. Lakini mzee huyo huyo, akishikishwa simu jioni na kijana wake, atatuma pesa kwa mtu asiyemjua, kwa gari ambalo hajawahi kuligusa.

Si mzaha. Yalimpata jirani yangu alipolipwa bonasi ya majani chai. Aliona mtandaoni picha ya pikapu iliyodaiwa kutwaliwa na benki, inapigwa mnada. Akataja laki moja na sitini. Muda si muda akaambiwa kuna mtu wa Sotik amefika laki na themanini. Akapanda. Saa nne usiku nyundo ikaanguka kwake kwa laki mbili na elfu kumi. Akatakiwa atume elfu hamsini za kuishikilia, kwa nambari ya mtu binafsi. Akatuma. Asubuhi nambari ilikuwa imezimwa. Zile zilikuwa karo ya binti yake ya muhula wa kwanza, na hadi leo mama watoto humwuliza pikapu imefika wapi.

Alikosea wapi? Kwanza, yule mtu wa Sotik huenda hakuwapo kamwe. Hila ya kuweka wanunuzi bandia ni ya kale kuliko simu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamkataza muuzaji kujipandishia bei kisirisiri. Akifanya hivyo, mnunuzi ana haki ya kuuhesabu mnada huo kuwa wa ulaghai. Sheria hiyo pia inakuruhusu kuondoa bei yako kabla nyundo haijaanguka. Ikishaanguka, umenunua. Mitandaoni, hata hivyo, kila mnada una masharti yake, na pengine ukibonyeza tu umejifunga. Yasome kwanza.

Jihadhari pia na kupeleka bei yako kwa wauzaji watatu kwa pamoja, ukitumaini mmoja atakubali. Je, wote watatu wakikubali? Utawalipa na nini?

Pili, mjue anayeuza. Chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, dalali wa mnada ni lazima awe na leseni ya bodi inayowasimamia. Mwulize jina lake, kisha uliulizie huko. Akisema mali ni ya benki, ipigie benki kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye. Na dalali wa kweli hana sababu ya kukuficha mahali gari lilipoegeshwa.

Tatu, vitu vya mnada kwa kawaida huuzwa jinsi vilivyo na mahali vilipo. Injini ikiwa imekufa, ni yako. Nenda na fundi wako mchana. Hakikisha gari limesajiliwa kwa jina gani kabla ya kutoa senti. Kama ni shamba, fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, ulitembelee, uwaulize majirani nani analima pale. Katika minada mingi ya ardhi ya benki hutakiwa asilimia 25 papo hapo, na salio ndani ya siku 90. Ukishindwa, amana yako yaweza kupotea.

Nne, andika kikomo chako kwenye karatasi kabla ya kuanza, ukihesabu na nauli, ada na matengenezo. Mpe mkeo au mumeo aishike. Mnada una joto lake. Mtu husahau anachonunua, akabaki anapigania ushindi.

Na ukiwa umekwisha kutapeliwa, usikae kimya kwa aibu. Iarifu kampuni ya simu dakika hiyo hiyo, kabla pesa hazijatolewa, kisha nenda polisi na ujumbe wote bila kuufuta. Ulaghai wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Uhalifu wa Kompyuta ya 2018.

Msomaji, simu ni gunia tu. Mbuzi akilia ndani yake, omba kwanza afunguliwe umwone meno. Mwuzaji akikataa, rudi nyumbani na pesa zako.