Kivuko cha Kazungula: Funzo kwa Walinzi wa Mipaka

Mwananchi anayesafiri kwa gari lake kwenda nchi jirani hukutana na mamlaka ya dola mara mbili: kwanza anapotoka kwao, na pili anapoingia ugenini. Pale ambapo mpaka ni mto mkubwa, jambo hilo huwa wazi zaidi. Gari haliwezi kuuvuka mto kwa njia ya panya. Sharti lipakiwe juu ya pantoni, mbele ya macho ya polisi, ya afisa wa forodha na ya afisa wa uhamiaji. Kwa hiyo kivuko cha mpakani ni mahali ambapo mamlaka ya nchi hupimwa kila siku, na wanaopimwa ni walinzi wake.

Ili kulieleza jambo hili tumechagua kivuko kimoja chenye historia ndefu: Kazungula, katika Mto Zambezi, baina ya Zambia na Botswana. Pantoni zake ziliacha kazi ya kuvusha magari baada ya daraja kufunguliwa mwaka 2021, lakini mafunzo yake yangali yanawahusu askari wa nchi zote za eneo hili, ikiwemo yetu.

Mpaka wa mita 150

Kazungula ipo kiasi cha kilomita 70 juu ya Maporomoko ya Victoria, karibu na mahali ambapo Mto Chobe unaingia Zambezi. Hapo nchi nne hukaribiana: Zambia kaskazini, Botswana kusini, Zimbabwe mashariki na ncha ya Namibia magharibi. Sehemu ambayo Zambia na Botswana zinapakana ni kama mita 150 tu, wala haifikii urefu wa viwanja viwili vya mpira. Mto wenyewe una upana wa kiasi cha mita 400. Hivyo mpaka huo ni mmoja wa mipaka mifupi kabisa duniani.

Ufupi huo ulitumiwa kuwa silaha. Mwaka 1970 Namibia ilikuwa chini ya makaburu wa Afrika Kusini, na Zimbabwe ya leo ilikuwa Rhodesia ya walowezi wa Ian Smith. Botswana, iliyopata uhuru mwaka 1966, ilikuwa imezungukwa na serikali za wachache karibu pande zote. Dirisha lake la pekee la nchi kavu kuelekea Afrika huru lilikuwa zile mita 150. Serikali ya makaburu ikadai kwamba mipaka ya nchi nne hukutana katika nukta moja. Kwamba kwa hiyo Botswana na Zambia hazipakani kamwe. Na kwamba pantoni ya Kazungula ilikuwa ikivuka kinyume cha sheria. Botswana ilizikataa hoja hizo zote. Pantoni ikaendelea kuvusha watu, mizigo na magari, ingawa ilipata kufyatuliwa risasi.

Inafaa askari wakumbuke kwamba wakati huo Botswana haikuwa na jeshi. Ulinzi wa mipaka yake ulikuwa mikononi mwa polisi. Jeshi la Ulinzi la Botswana liliundwa mwaka 1977, na halikukawia kuonja gharama ya kazi yake. Tarehe 27 Februari 1978, majeshi ya Rhodesia yaliwavizia askari wa jeshi hilo changa katika eneo la Lesoma, karibu na Kazungula, yakawaua askari 15. Mwaka uliofuata, yaani 1979, Warhodesia waliishambulia pantoni yenyewe na kuizamisha, wakidai kwamba inatumika kwa shughuli za kijeshi.

Hatuoni kwamba lilikuwa jambo la bahati mbaya kwa pantoni kuwa shabaha ya bunduki. Mwezi Januari 1973 Smith aliufunga mpaka wake na Zambia, naye Rais Kaunda akakataa kuurudia hadi Oktoba 1978. Katika miaka hiyo Zambia iliegemea upande wa Tanzania, kwa barabara ya Tunduma na kwa reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975. Upande wa kusini ilibaki pantoni ya Kazungula, pamoja na barabara mpya kutoka Nata. Aliyetaka kuzitenga Zambia na Botswana alijua wapi pa kupiga.

Gari na karatasi zake

Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, hatari ya bunduki ilipungua. Yakabaki matatizo ya kawaida ya kivuko. Pantoni mbili zilifanya kazi, na kila moja iliweza kubeba kiasi cha tani 70, yaani lori moja kubwa pamoja na magari madogo machache. Msafiri mwenye gari dogo kwa kawaida hakungoja sana, kwani aliruhusiwa kuipita foleni ya malori. Dereva wa lori alingoja siku kadhaa, na pengine zaidi ya wiki moja.

Mwenye gari dogo kazi yake ilikuwa karatasi. Alihitaji pasipoti yake na kadi ya gari. Kama gari si lake, alihitaji barua ya mwenyewe inayomruhusu kulitoa nje ya nchi. Alipoingia Zambia alipaswa kupata kibali cha forodha cha kuliingiza gari kwa muda, bima ya nchi hiyo au kadi ya njano ya COMESA, na kulipa tozo za barabara, za hewa chafu na za halmashauri. Kila malipo yalikuwa na dirisha lake na stakabadhi yake.

Mahali penye madirisha mengi na foleni ndefu, vishoka hawakosi. Humwahidi mgeni kwamba watamtengenezea kila kitu upesi, na baadhi yao hujigamba kwamba wanafahamiana na askari. Mgeni asiyejua utaratibu hulipa mara mbili, kisha huondoka akiamini kwamba ndivyo nchi hiyo ilivyo. Hapo ndipo askari wa zamu anapoweza kuijenga au kuivunja heshima ya taifa lake. Ubao ulioandikwa malipo halali kwa lugha nyepesi, na askari anayemwelekeza mgeni kwenye dirisha linalostahili, huwaondolea vishoka riziki yao bila ya msako wowote.

Kwa upande mwingine, karatasi hizo si usumbufu mtupu. Gari lililoibwa katika mji mmoja laweza kuuzwa nchi ya pili au ya tatu. Ndiyo maana wakuu wa polisi wa kusini mwa Afrika waliunda umoja wao, SARPCCO, mwaka 1995, na wizi wa magari ukawa miongoni mwa makosa wanayoyakabili kwa pamoja. Namba ya injini na namba ya chesisi zikilinganishwa na kadi kwa makini, dakika chache zatosha kumtambua mwizi. Zikipuuzwa, mto mzima hauwezi kumzuia.

Uzito usiopimwa

Mwaka 2003 lori lililozidisha mizigo kupita kiasi liliipindua mojawapo ya pantoni za Kazungula, na watu 18 wakazama. Lawama kubwa iliangukia ukosefu wa mizani ya kupimia malori katika mpaka wa upande wa Zambia. Wananchi wetu hawahitaji kuelezwa uchungu wa habari ya namna hiyo, kwa kuwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 ziliwaachia msiba usiosahaulika.

Ucheleweshaji huzaa rushwa, na haraka isiyo na kipimo huzaa vifo. Askari wa kivukoni husimama katikati ya maovu hayo mawili. Dereva aliyengoja siku tano atamsihi, atamkasirikia, na pengine atampa bahasha. Pasipo mizani, askari hana hoja ila macho yake. Kwa hiyo serikali isiyompa mlinzi wake kipimo humwachia lawama isiyo yake. Naye mlinzi aliyepewa kipimo kisha akakifumbia macho hana pa kujitetea.

Kutoka pantoni hadi daraja

Tarehe 10 Mei 2021 Rais Edgar Lungu wa Zambia na Rais Mokgweetsi Masisi wa Botswana walilifungua daraja la Kazungula. Lina urefu wa mita 923, njia za magari na nafasi ya reli, na liligharimu kiasi cha dola za Marekani milioni 259. Limejengwa kwa kupinda, ili lisiingie katika eneo la Zimbabwe wala la Namibia. Ule mpaka ambao makaburu walidai haupo, leo umechorwa kwa zege na chuma.

Pamoja na daraja kimejengwa kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo maafisa wa nchi mbili hukaa mahali pamoja na msafiri husimama mara moja tu. Utaratibu huo ulianza katika eneo hili kule Chirundu mwaka 2009, na kwetu tunao, kama vile Tunduma na Nakonde. Humtaka afisa aitekeleze sheria ya nchi yake akiwa juu ya ardhi ya jirani, bega kwa bega na mwenzake mwenye sare nyingine. Kazi hiyo yataka nidhamu zaidi kuliko ile ya zamani, kwa sababu kosa la mmoja huonekana mara moja na mataifa mawili.

Kwa maoni yetu, daraja limeondoa hatari ya maji, lakini halikuondoa jukumu la mlinzi. Mizani ingali ipo ya kusomwa, namba za injini zingali za kulinganishwa, na mgeni angali wa kuelekezwa. Askari 15 wa Lesoma walikufa katika kulinda eneo ambalo adui alikuwa tayari kuua ili kulifunga. Anayeshika zamu mpakani leo, awe Kazungula au Tunduma, haombwi damu. Anaombwa akague kwa makini, apime kwa haki, na akatae bahasha.