Nyama ya Moshi na Walioiivisha



Msafiri apitaye kusini mwa Marekani na aingie walau mara moja katika mkahawa wa nyama ya moshi, ile ambayo wenyeji huiita babekyu. Hapo hakuna mhudumu mwenye tai. Mtu hupanga foleni, huagiza kaunta, kisha hupewa nyama katika sinia lililotandikwa karatasi, pamoja na mkate mweupe, maharage na kachumbari ya kabichi. Mezani huwekwa bunda zima la karatasi za kufutia mikono, maana vidole ndivyo vitakavyofanya kazi.

Sisi tuliozoea nyama choma ya kwetu, inayoiva juu ya makaa kabla mazungumzo hayajakolea, tulistaajabia subira yao. Kidari cha ng'ombe, fahari ya Texas, chaweza kukaa katika moshi wa mwaloni saa kumi na mbili na zaidi, joto likiwa dogo, mpaka sehemu zilizo ngumu zilainike kabisa. Huko Carolina mnyama ni nguruwe (kitimoto, wangesema vijana wa Dar es Salaam). Mashariki mwa North Carolina hutiwa siki na pilipili. South Carolina wengi hupenda haradali. Wenyeji hubishana bila kuchoka kuhusu ipi iliyo bora, nasi hatuingilii ugomvi wa ndugu.

Liko jambo zito zaidi. Wageni wengi hurudi wakisifu kwamba katika meza zile hakuna mkubwa wala mdogo. Twaona sifa hiyo hutolewa upesi mno, kwa kuwa usawa huo ulipatikana kwa nguvu ya sheria. Mkahawa wa Ollie's wa Birmingham, Alabama, ulifunguliwa mwaka 1927. Theluthi mbili ya wafanyakazi wake 36 walikuwa watu weusi, lakini mteja mweusi hakuruhusiwa kuketi. Alinunua chakula akaondoka nacho. Sheria ya Haki za Kiraia ilipotiwa sahihi Julai 1964, wenye mkahawa waliipinga mahakamani. Tarehe 14 Desemba mwaka huo huo, Mahakama ya Juu iliwakatalia. Kilichowashinda ni nyama yenyewe: kati ya chakula cha dola 150,000 hivi walichonunua kwa mwaka, nyama ya dola 69,683 ilikuwa imetoka nje ya Alabama, na biashara ya kati ya majimbo imo katika mamlaka ya Bunge la Marekani.

Mwaka 1968 shauri jingine lilihusu mikahawa ya Piggie Park ya South Carolina. Mwenye mikahawa alidai kwamba sheria ile ni kinyume cha mapenzi ya Mungu. Mahakama iliiona hoja hiyo kuwa upuuzi mtupu. Sisi tuliokabidhiwa madhabahu yatupasa kuisoma hukumu hiyo kwa makini kuliko watu wengine wote.

Katika mkahawa mmoja tulioingia safarini, kuta zilijaa picha za zamani: babu mwanzilishi, magari, timu za mpira. Hatukuona hata mchomaji mmoja. Huo ni upungufu mkubwa, maana kazi ya kukesha na moto ilibebwa kwa vizazi na watumwa weusi na wajukuu wao. Ni kweli nyakati zimebadilika: mwaka 2018 Rodney Scott, mchomaji mweusi wa South Carolina, alipewa tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa kusini-mashariki. Lakini waliomtangulia walikuwa na majina pia, na familia za wenye mikahawa huyakumbuka. Na yaandikwe karibu na kaunta, pale foleni inaposimama, mgeni ayasome akingoja sinia lake.