Mwenye nyumba, kagua mpangaji, usikague dini yake



Ndugu yetu mwenye nyumba, na wewe dada uliyeachiwa ploti na marehemu mzee, leo maneno ni yenu. Wapangaji nao wasome, maana haki usiyoijua huwezi kuidai.

Kila mwisho wa mwezi malalamiko ni yale yale. Mtu anapiga namba iliyo kwenye kibao, anaambiwa chumba kiko, njoo uone. Akifika na buibui lake, au akitaja kwamba jina ni Abdullahi, keteka anabadilika uso: "Pole, kimechukuliwa asubuhi." Wiki mbili baadaye kibao bado kinaning'inia langoni. Wengine hata hawazunguki. Wanasema wazi kwamba landilodi hataki Wasomali, au hataki ninja kwa ploti yake.

Hilo ni kinyume cha Katiba. Wengi wanadhani Kifungu cha 27 kinaifunga serikali peke yake. Sivyo. Sehemu ya 5 ya kifungu hicho inamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake, iwe waziwazi au kwa njia ya kuzunguka. Misingi imetajwa kwa majina: kabila, dini, hali ya ndoa, ulemavu, lugha, na mavazi pia. Ndiyo, mavazi yameandikwa humo. Na usijifiche nyuma ya keteka au wakala. Yeye anakataa watu kwa niaba yako, kwa hivyo lawama haiishii kwake.

Tunajua hofu inatoka wapi. Aprili 2014, wakati wa Usalama Watch, polisi walipita Eastleigh mlango kwa mlango na maelfu ya watu wakakamatwa, wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Tangu hapo landilodi wengi wameona ni afadhali chumba kikae bure kuliko kuamshwa usiku na askari. Lakini hebu tufikirie vizuri. Mmoja wa walioshambulia Dusit Januari 2019 alikuwa amepanga nyumba Muchatha, Kiambu, na majirani walimjua kwa jina la Eric. Landilodi anayechuja watu kwa jina angemfungulia huyo geti, halafu akamfukuza mwalimu wa madrasa anayelipa kodi tarehe mosi. Kuchuja kwa jina hakukulindi. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inamwandama anayemhifadhi mhalifu akijua, au akiwa na sababu ya kuamini hivyo. Kitakachokusaidia siku ya kuulizwa ni faili: nani aliingia, lini, kwa kitambulisho gani, na nani aliyemdhamini.

Basi kagua, tena kagua sawasawa. Taka kitambulisho cha asili, si picha ya simu, na ulinganishe na uso. Akiwa na nikabu, mama wa nyumba au jirani mwanamke aangalie pembeni, dakika moja imekwisha. Uliza anafanya kazi gani na kodi itatoka wapi. Mpigie landilodi wake wa mwisho, umuulize mambo mawili tu: alikuwa analipa? Aliondokaje? Jua ni watu wangapi watalala humo. Na maswali unayomuuliza Fatuma, muulize Wanjiku na Otieno vilevile. Ukitaka mdhamini, taka kwa kila anayekuja. Ukimtaka depoziti ya miezi mitatu mwenye jina la Kisomali na wengine mwezi mmoja, huo ni ubaguzi, hata ukiupa jina la tahadhari.

Wako vijana wetu ambao kitambulisho chenyewe hawana. Mnubi wa Kibra au kijana wa Garissa amezungushwa miaka kwa ule msasa ambao watoto wa sehemu nyingine hawakupitishwa. Rais alitangaza Februari 2025 kwamba msasa huo umeondolewa, lakini waliocheleweshwa bado wako mitaani wakitafuta vyumba. Kijana wa aina hiyo akija na karatasi ya kusubiri, cheti cha kuzaliwa na mzazi au mwajiri wa kumdhamini, unayo ya kutosha ya kumjua. Mwandikie muda wa kuleta kitambulisho, kisha mfungulie mlango.

Mkishakubaliana, andikeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana, na bado sisi tunapangishana kwa "tutaelewana tu". Andikeni kodi ni ngapi, inalipwa tarehe ngapi na kwa namba ipi, depoziti inarudi kwa masharti gani, notisi ya kuhama ni muda gani. Pigeni picha kuta, sinki na vioo kabla ya mizigo kuingia, kila mmoja abaki na nakala. Ugomvi mwingi wa depoziti ungeishia hapo. (Tunajua pia kwa nini baadhi yenu hamtaki karatasi: kodi ya KRA, asilimia 7.5 ya mapato ya nyumba za kuishi. Hilo malizaneni na KRA, msimwachie mpangaji alale bila mkataba.)

Ile nakala ya kitambulisho nayo ni amana. Kuirusha kwenye grupu la WhatsApp la malandilodi na maneno "chungeni huyu" kunakupeleka moja kwa moja kwenye Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Sasa tuje kwetu, maana tukinyamaza hapa tutakuwa wanafiki. Wako landilodi Waislamu, Majengo hadi Kisauni, wanaokataa mbara kwa sababu ni mbara. Wako wanaomkataa dada aliyeachika, eti ataleta maneno kwenye ploti. Kifungu cha 27 kinawahusu nyinyi pia. Unayo haki ya kukataza pombe, muguka au kelele za usiku katika ploti yako, na mpangaji akavunja sharti ukampa notisi. Hilo ni tendo, na linamhusu kila aliye ndani. Kumkataa mtu kabla hajatenda lolote, kwa sababu ya alivyozaliwa au anavyoabudu, huna haki hiyo.

Na wewe uliyekataliwa, usiondoke na hasira peke yake. Andika siku, saa, mahali, namba uliyopiga na maneno uliyoambiwa. Hifadhi meseji. Piga picha kibao kikiwa bado kiko juu, na ikiwezekana rafiki mwenye jina lingine apige namba ile ile siku hiyo hiyo aulize chumba. Peleka malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na kama ni nakala yako iliyosambazwa, kwa Kamishna wa Kulinda Data. Ukikwama, tuandikie hapa kwa inboksi, usiweke jina la mtu kwenye komenti. Landilodi, nawe mwonyeshe keteka wako ujumbe huu kabla ya mwisho wa mwezi.