MASTAA, PUNGUZENI MIZIGO KWENYE WEBSAITI ZENU, BANDO NI LETU!

Leo sina habari ya nani kamwacha nani. Leo nina ugomvi, na jina la mtu sitaji. Anayejihisi ajihisi.

Kuna staa mmoja hapa mjini kazindua websaiti yake kwa mbwembwe zote. Kapeti jekundu, keki, makamera. Akatuambia linki iko kwenye bio, tukaone ratiba ya shoo na fulana zake mpya. Tukabonyeza. Kiduara kikazunguka weee, skrini nyeupe pee. Ukivumilia ndio linatokea lipicha lake linateleza kushoto kulia, vinyota vinamwagika, video inajianza yenyewe, halafu kisanduku cha "karibu, tukusaidie nini?" kinakuja kuziba kitufe cha kununulia. Fulana hujaiona bado na MB zimeshaenda.

Mashabiki wakalalamika. Timu yake ikajibu eti nunueni simu za maana. Jamani! Wahenga walishasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nyie mko kwenye waifai ya ofisini, sisi tumejiunga bando la siku.

Sasa tuelezane kinachofanyika, maana wengi mnadhani ni mtandao. Mimi sikusomea kompyuta, nimeishia sekondari, haya nimejifunza kwa kuchokonoa mwenyewe.

Websaiti nyingi za aina hii zinajengwa kwa WordPress. WordPress haina kosa, kosa la fundi. Anachukua themu iliyotengenezwa imfae kila mtu, mwenye hoteli, mwenye kanisa, mpaka mwenye saluni. Juu yake anarundika plagini. Kila plagini inaweza kuja na skripti zake, yaani maandishi yanayofanya vitu vitembee na vibonyezeke, pamoja na staili zake za rangi na mpangilio. Na nyingi zinapakiwa kila ukurasa, hata pasipo na kazi. Mfano ni Contact Form 7, plagini maarufu ya fomu za mawasiliano. Ukiiacha ilivyo, inapakia faili zake hata kwenye ukurasa wa picha usio na fomu yoyote. WordPress yenyewe, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015, inakuja na skripti ya kusaidia emoji, wakati simu za siku hizi zinajua kuonyesha emoji zenyewe.

Kwa nini skrini inabaki nyeupe? Brauza ikikuta faili la staili juu ya ukurasa, inalisubiri lifike kwanza ndipo ichore. Skripti nayo ikiwekwa juu bila neno defer au async, kazi ya kusoma ukurasa inasimama mpaka ishuke na ifanye kazi yake. Faili moja sio tatizo. Yakiwa arobaini, ndio hapo unakunywa chai na unamaliza.

Najua kuna mtu atasema tatizo ni picha. Kweli picha zinakula MB nyingi, nazo zipunguzwe. Ila picha ikishashuka, kazi iliyobaki kwa simu ni ndogo. Skripti ikishashuka, simu inatakiwa iisome na iitekeleze. Simu ya bei kubwa haioni kitu, ile ya bei ya chini inapata moto na kugandaganda. Kwa hiyo anayeumia zaidi ni yule yule mwenye hela kidogo.

Tupige hesabu. Tuseme ukurasa una MB 5 na nusu yake ni takataka. Mashabiki 10,000 wakiufungua mara moja tu, GB 25 hivi zimetoka mifukoni mwao kulipia vitu ambavyo hakuna aliyevitumia. Halafu unawaita familia yako!

Sasa mastaa, mkikutana na fundi msimuulize rangi tu. Mwambieni afungue ukurasa kwenye Chrome ya kompyuta, aingie kwenye zana za watengenezaji, sehemu ya Coverage. Pale sehemu ambazo hazijatumika zinaonekana kwa rangi nyekundu. Apime pia na PageSpeed Insights ya Google, ni bure. Kipimo kinachoitwa LCP, muda wa kitu kikubwa cha ukurasa kuonekana, kinatakiwa kisizidi sekunde 2.5.

Baada ya hapo aanze kufuta. Plagini isiyo na kazi iondoke kabisa. Yenye kazi kwenye ukurasa mmoja ibaki huko huko. WordPress ina wp_dequeue_script na wp_dequeue_style kwa kazi hiyo, zinaandikwa kwenye themu mtoto ili themu kubwa ikisasishwa zisipotee. Ila asifute kwa hasira. Nyekundu nyingine ni ya menyu inayofanya kazi ukiigusa tu. Atunze nakala kwanza, aondoe kimoja kimoja, na kila akiondoa ajaribu fomu, kikapu na malipo.

Na muwe macho na fundi anayewauzia "kasi" kwa kuongeza plagini nyingine ya kashe na kuishia hapo. Kashe inasaidia ukurasa utoke haraka kwenye seva, lakini zile skripti bado zinasafiri mpaka kwenye simu ya mgeni. Aliyevimbiwa haongezewi sahani.

Hii sio ishu ya mafundi peke yao. Kuna dada mbunifu wa nguo, nguo zake kali kweli, Instagram anajaza laiki, websaitini hauzi. Anahisi amelogwa. Mama, hujalogwa, wateja wamechoka kusubiri! Na Google tangu Julai 2018 inaangalia kasi ya ukurasa inapopanga matokeo ya utafutaji kwenye simu.

Shabiki anayekata bando lake ili akuone ameshakulipa kabla hujamuuzia kitu. Mheshimu. Futa vinyota, mwonyeshe fulana na bei.

Haya wadau, dondosheni maoni hapo chini. Websaiti gani imekula MB zako bila kukuonyesha kitu? Majina msitaje, toeni fununu tu, tutajuana.